Peremende za Mama Sindano

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuwa wakizungumzia uzazi peke yake. Walimaanisha kwamba mwenye shida akiwaficha wale wanaoweza kumsaidia, atarudi nayo nyumbani kama alivyotoka nayo.

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani hodari, lakini jicho lake la kulia lilikuwa limetanda ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na angemtoa siku ya Alhamisi iwapo tu sukari ya damu ingekuwa sawa. Ndipo Jumatatu asubuhi mkaza mwanawe akampeleka kwenye kituo cha vipimo, bila chakula wala chai tangu jana yake.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini Mama Sindano alikuja bila kamba, maswali yakimtoka mfululizo. Mbona vichupa vina vifuniko vya rangi rangi? Sindano hiyo ni namba ngapi?

"Na mashine ile inayozungusha damu, haiipi damu kizunguzungu?"

"Inaipa, bibi," mpimaji, msichana mcheshi, akajibu. "Sasa na mimi niulize. Leo umetia nini kinywani?"

"Maji tu, mjukuu wangu."

"Hajala," mkaza mwana akadakia. "Nimemlinda kama mwari."

Damu ikatolewa, wakangoja. Mpimaji aliporudi, kicheko kilikuwa kimemkauka usoni.

"Sukari iko juu, bibi. Kwa kipimo hiki, Alhamisi daktari hatakugusa."

Mama Sindano akaikumbuka kazi yake ya alfajiri. Fundi wa zamani hulowesha ncha ya uzi kwa mate ndipo aupenyeze kwenye tundu la sindano, na mate yake siku hizi yalikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Kwa hiyo kila alfajiri, akiketi kwenye cherehani, alitia peremende shavuni. Asubuhi ile alikuwa amekunja pindo la gauni moja, na peremende nne zikayeyuka. Kwake hicho hakikuwa chakula. Kilikuwa kifaa cha kazi.

Angesema, ila mkaza mwana yupo. Na wajukuu wakikutwa na peremende, ni bibi huyu huyu anayewasomea hotuba ya meno.

"Mwanangu, hebu kaniletee maji."

"Chupa hii hapa, mama. Imejaa."

Mama Sindano akapima aibu yake, akapima ukungu wa jicho lake, akaona ukungu ndio mzito zaidi. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi nne za peremende, akazipanga mezani kama vifungo vya shati.

"Hivi, na hizi ni chakula?"

"Mama! Na wajukuu unaowagombeza?"

"Wao hawashoni."

Mpimaji akacheka mpaka akashika meza. "Bibi, umeuliza habari za damu ya watu wote ila yako. Rudi kesho, maji tu. Na dawa zozote unazomeza, uje nazo, tuzijue."

Kesho yake, kabla ya kuulizwa, alimkabidhi mkaza mwana mfuko mzima wa peremende mlangoni. Sukari ikatoka sawa. Alhamisi jicho likashughulikiwa, na baada ya wiki kadhaa Mama Sindano aliketi kwenye cherehani, akapenyeza uzi mkavu mara moja tu. Kumbe siku zote hizo kilichopungua ni nuru ya jicho, si mate.

Lakini lau angefumba mdomo siku ile, uzi ungekuwa unamchezea mpaka leo. Hakika, mficha uchi hazai.