Rimu Nyeusi za Bwana Mbaruku

Bwana Mbaruku, muuza vipuri tajiri kuliko wote Mtaa wa Nyundo, alipanga dukani seti nne za rimu nyeusi, zote bei moja.

"Zote zimepakwa rangi ya unga, zikaokwa kwenye oveni," alisema. "Chagua. Ukitoka nazo, hakuna kurudisha."

Zamoyoni, dereva wa teksi, alishapigwa hapo mara moja. Rimu zake zilibanduka rangi mvua ya kwanza tu. Safari hii alitoa kitambaa na chupa ya plastiki, kama zile ambazo mafundi wote wa mtaa hutilia tina ya kuyeyushia rangi.

"Tina hung'oa rangi ya kupuliza, lakini haing'oi rangi ya unga, au siyo, bosi?"

"Haing'oi kamwe!"

"Basi ngoja nifute kidogo."

Akalowesha kitambaa, akainamia seti ya kwanza. Mbaruku akamdaka mkono. "Hiyo ina mwenyewe, dada yangu!"

Akaiendea ya pili. "Hiyo nimetoka kuipangusa sasa hivi!"

Ya tatu. "Jamani, hata salamu hujanipa!"

Alipofika ya nne, Mbaruku akakunja mikono. "Hiyo futa mpaka kesho."

"Nifungie hiyo hiyo," alisema Zamoyoni, akalipa.

"Mbona hujaifuta?"

Jua lilikuwa kali. Zamoyoni akainua chupa, akapiga mafunda matatu.

"Mtume! Utakufa na tina!"

"Tina nitoe wapi, bosi? Haya maji ya bombani."