Mashine Ambayo Siku Zote Ilikuwa Inawaka

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye alitumiwa na mtu wa kwaya, na huko nyuma zaidi sijui ilianzia wapi. Naituma kama ilivyo. Kama leo umeamka umechoka, isome taratibu, haina haraka. Ukimaliza, mtumie yule ambaye jina lake litakujia kichwani.

Katika kijiji kimoja cha nyanda za juu kusini, kule ambako mwezi wa sita majani ya viazi huamka yameungua kwa baridi, palikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Mwenye mashine aliitwa Ambindwile, na mkewe aliitwa Sekela. Lakini majina hayo yalibaki kwenye cheti cha ndoa. Kijijini walikuwa Baba Lusajo na Mama Lusajo, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, ambaye baadaye alioa na kuhamia mjini.

Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika huko, kwa hiyo mashine ilizungushwa na injini ya dizeli. Injini yenyewe haikuwa na ufunguo. Iliwashwa kwa hendeli, kile chuma kilichopinda ambacho unakichomeka ubavuni na kukizungusha kwa nguvu zako zote mpaka injini ikohoe. Ikikohoa ukichomoe upesi, kabla hakijakugeuka. Na asubuhi za baridi oili inakuwa nzito kama uji uliolala, kuizungusha ni kazi ya kumtoa mtu roho.

Kazi hiyo ilikuwa ya Mama Lusajo.

Hakuna aliyempangia. Siku injini ilipoletwa, Baba Lusajo alijaribu kuiwasha mbele ya watu, ikamgomea. Mama Lusajo akasema hebu nami nijaribu, ikawaka. Watu wakashangilia. "Huyu mama ana mkono!" wakasema. "Mashine imempenda yeye."

Basi ikawa hivyo. Baba Lusajo kwenye mzani, akisalimiana na wateja na kuuliza habari za ng'ombe wao. Mama Lusajo kwenye hendeli. Kila aliyekuja na debe lake alimsifia mkono. Watu wakaamini kabisa kwamba injini ile haimjui mtu mwingine, na kwa kuwa waliamini hivyo, hakuna mwingine aliyejaribu. Kuna sifa ambazo ukishapewa, hata ukitaka kuzirudisha hakuna wa kuzipokea.

Kila asubuhi alichemsha maji, akayamimina kwenye tangi la maji la injini ili kuitoa baridi, akapiga goti kwenye saruji na kuanza kuzungusha. Kabla hajanywa chai alikuwa ameshachoka uchovu wa siku nzima. Ikishawaka, hakuna aliyeizima mpaka jioni. Wakila, inanguruma. Hakuna mteja, inanguruma. Nani angethubutu kuizima, wakati kuiwasha upya ni kilio? Kwa hiyo kwa miaka mingi mume na mke hawa walizungumza mchana kwa kupiga kelele, na yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyasema kwa kelele.

Jioni moja, injini ikiwa imeshanyamaza, Mama Lusajo alisema, "Baba Lusajo, bega langu limekwisha. Hendeli hii inaua mtu. Nasikia mafundi wanaweza kufunga stata na betri, mtu ukawasha kwa ufunguo kama gari."

Mumewe alikuwa akiifuta vumbi redio yake. "Kwani mashine si inawaka?" akauliza.

"Inawaka."

"Basi."

Akaomba tena msimu wa mvua. Akaomba tena Lusajo alipokuja kumtambulisha mchumba. Jibu lilikuwa lilelile, na lilitoka kwa upole uleule. "Si inawaka, Mama Lusajo?"

Msimfikirie vibaya. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali, na kanisani alishika nafasi ya mbele. Wala hawakuwa watu wa kukosa. Katika miaka hiyohiyo alinunua redio kubwa yenye spika mbili ya kuwaburudisha wateja, redio ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia kwa sababu ya ngurumo ya injini. Alikuwa tu na imani kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Na kweli, akitazama kutoka pale kwenye mzani, mashine ilikuwa inafanya kazi.

Mwisho Mama Lusajo akaacha kuomba. Si kwamba alikubali. Alichoka kuomba, na huo ni uchovu wa aina nyingine, maana huo haupoi hata ukilala.

Ikafika asubuhi moja ya baridi kali. Mama Lusajo alizungusha, injini ikakohoa, akachelewa kidogo kuchomoa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Hendeli ikageuka, ikampiga mkono wa kulia, mfupa ukavunjika kwa mlio ambao aliusikia mwenyewe. Kule zahanati wakamfunga hogo la plasta kuanzia juu ya kiwiko hadi kwenye vidole, wakamwambia mkono huo usiguse kazi mpaka waseme wao.

Kesho yake wateja walikuwa wamepanga foleni na madebe yao. Baba Lusajo akakunja mikono ya shati.

"Kwani ni kitu gani," akasema.

Akazungusha. Injini haikutoa hata kikohozi. Akazungusha tena, uso ukamwiva. Mama Lusajo alikuwa amekaa juu ya gunia karibu na mlango, mkono umening'inizwa kwenye kanga.

"Maji ya moto," akasema.

"Nini?"

"Imwagie maji ya moto kwanza. Halafu piga goti. Ukisimama hivyo utaumia mgongo."

Injini iliwaka jua likiwa limeshapanda. Baba Lusajo akaletewa chai akashindwa kuinua kikombe vizuri, chai ikamwagika kwenye suruali. Siku iliyofuata alitembea ameshika kiuno. Iliyofuata hakuweza kuvaa koti mwenyewe, mikono haikupanda, ikabidi mkewe amvalishe kwa ule mkono wake mmoja mzima.

Jioni hiyo wakiwa mezani akasema, "Mama Lusajo, nikuambie kitu? Hendeli hii inaua mtu."

Mama Lusajo akamtazama. Yalikuwa maneno yake, neno kwa neno, na mumewe aliyasema kama mtu aliyetoka kuyasikia redioni.

"Pole," akasema.

"Hii si kazi ya binadamu. Lazima ifungwe stata. Kesho naenda kumwona fundi."

Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Alitaka kukasirika, hasira nayo ilikuwa imechoka. Akaondoa vyombo, kimoja kimoja.

Fundi aliitwa Gwakisa. Alikuja na stata iliyotoka kwenye injini nyingine, betri, na waya zilizoviringwa begani. Mama Lusajo alikuwa ndiyo kwanza ameinjika maharage jikoni. Akatoka nje, akakaa kwenye gunia lake kutazama.

Fundi akaizunguka injini, akainama, akagonga kifuniko kimoja kidogo ubavuni, cha bati, kilichoshikwa na boliti mbili. Mama Lusajo alikifahamu kifuniko hicho vizuri. Alikuwa akikifuta kila jioni. Alidhani ni pambo.

Fundi akafungua boliti, akakitoa. "Baba," akasema, "hapa hakuna kazi kubwa."

"Kivipi?"

"Injini hii imetoka kiwandani na nafasi ya stata. Ona tundu hili, ndipo stata inapokaa. Ona na hili gurudumu zito, lina meno tayari ya kushikana nayo. Walioitengeneza walijua mtu atachoka. Hawakufunga tu."

"Kwa hiyo hiyo nafasi ilikuwepo..."

"Tangu siku mliyoinunua." Fundi akafuta mikono. "Nani alikuwa akizungusha hendeli?"

"Mama Lusajo."

Fundi akalitazama lile hogo. Akarudi kwenye boliti zake.

Akaifunga stata kwenye tundu lake. Akavuta waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri hadi kwenye stata, na mweusi akaukaza kwenye mwili wa injini. Akapitisha waya mwembamba hadi ukutani, akaweka swichi ya ufunguo. Akafunga na dainamo ndogo ya kuchaji betri. Alipomaliza, Mama Lusajo alikwenda jikoni kuangalia maharage. Yalikuwa bado magumu.

Akasimama pale mbele ya sufuria akiwa ameshika mwiko. Jambo aliloliomba tangu Lusajo yuko nyumbani, limekwisha kabla maharage hayajaiva. Hapo ndipo moyo ulipomuuma kweli, kuliko mkono.

Huko nje watu walikuwa wamejaa. Baba Lusajo alimwita, akamkabidhi ufunguo mbele ya wateja wote, kwa mikono miwili.

"Mke wangu, kuanzia leo hendeli basi! Washa wewe mwenyewe."

Vigelegele vikapigwa. Mama Subilaga, jirani yao, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akapaza sauti: "Ndaga, Baba Lusajo, asante kwa niaba yetu wanawake! Mama Lusajo, mume umepata! Wengine bado tunatafuta!"

Mama Lusajo akachomeka ufunguo kwa mkono wa kushoto, akauzungusha. Injini ikawaka papo hapo, bila kikohozi, bila maji ya moto, bila goti. Watu wakapiga makofi. Mumewe akatabasamu hadi masikio.

Mama Lusajo akaanza kulia.

"Ni furaha!" Mama Subilaga akapiga kelele ili ngurumo isimmeze. "Mwacheni alie, ni furaha!"

"Ni furaha, eti Mama Lusajo?" mumewe akauliza, naye kwa kelele.

Mama Lusajo akaisogelea injini, akaifungia mafuta. Injini ikashusha pumzi mara moja, ikanyamaza. Watu wakashtuka. Hawakuwahi kuona injini ile ikizimwa mchana. Palikuwa na kimya ambacho jengo lile halikuwahi kukijua wakati wa kazi, mpaka ukasikia kuku wakiparua nje, na ndani ya kimya hicho ile redio ya spika mbili ikasikika kwa mara ya kwanza ikisoma matangazo ya vifo. Baba Lusajo akaizima haraka.

"Si furaha, Baba Lusajo," mkewe akasema. Sasa hakuhitaji kupaza sauti. "Nimechoka. Nilikuomba kitu hiki Lusajo hajaoa. Kila nilipokuomba ukaniambia, si inawaka? Na hukusema uongo, ilikuwa inawaka. Nilikuwa naiwasha mimi."

Mama Lusajo akaionyesha ile stata kwa kidole.

"Nafasi ilikuwepo siku zote. Nilikuwa naifuta vumbi kwa mkono huu. Wala si nilipovunjika mkono ndipo ukaamka, hapana. Mkono ulivunjika, ukasema kwani ni kitu gani. Umeamka ulipochoka wewe."

Wateja wakainamia madebe yao. Hata Mama Subilaga akainamia lake. Baba Lusajo alisimama katikati ya watu wake, mikono inaning'inia, akatazama chini pale kwenye saruji mbele ya injini. Palikuwa na sehemu moja iliyolika, laini na yenye kung'aa kidogo. Alikuwa amepita hapo kila siku. Alikuwa hajui kwamba pale panakaa goti.

"Nisamehe," akasema kwa sauti ndogo.

Mama Lusajo akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Washa tusage," akamwambia. "Watu wanasubiri."

Kwa siku nyingi baada ya hapo hawakulizungumza tena. Kazi ziliendelea. Mkono ukaunga, hogo likakatwa, ingawa bega halikurudi kuwa la zamani na kila baridi ikija linamkumbusha. Wakati mwingine walizima injini mchana bila sababu, wakakaa, wakanywa chai wakisikilizana.

Kisha siku moja ya mvua Mama Lusajo alitoka jikoni akikohoa, macho mekundu. "Baba Lusajo," akasema, "lile jiko halina pa kutolea moshi. Tungetoboa dirisha upande wa juu."

Jiko lile la mbao alilijenga Baba Lusajo mwenyewe. Lilikuwa imara, halikuvuja, na chakula kilipikwa humo kila siku na kilikuwa kitamu. Akalitazama.

"Kwani si lina..." akaanza. Akaishia hapo.

Akachukua kigoda chake, akaingia jikoni, akafunga mlango kama mkewe afungavyo mvua ikinyesha, akakaa karibu na moto. Mama Lusajo alimsikia akikohoa. Akamsikia akipiga chafya. Hakumwita. Sufuria ilipochemka mlango ukafunguliwa, na Baba Lusajo akatoka machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, haoni mbele.

"Mama Lusajo," akasema, akipapasa ukuta, "msumeno tuliuweka wapi?"

Funzo: Kabla hujasema kitu nyumbani mwako bado kinafanya kazi, uliza kwanza ni nani anayekifanya kifanye kazi, na kinamgharimu nini.