Kijiba cha Nyegere na Maua ya Jirani

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa tena!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na ua.

Na juu ya ua?

Nyuki.

Na nyuma ya nyuki?

Mwenye kijicho!

Haya, sasa tunaelewana. Mwenye kijicho huyo alikuwa Nyegere. Mnamjua Nyegere: ngozi nene, makucha marefu, hamwogopi mtu wala nyoka. Kila mzinga wa bonde lile alikuwa ameshauvunja akalamba asali yake, nyam nyam nyam, mpaka nta. Kila mzinga isipokuwa mmoja.

Huo mmoja ulikuwa wa Bi Nyuki, nyuki mdogo wa ile aina isiyouma. Mwiba hakupewa, akapewa akili. Aliishi na wanawe ndani ya ufa wa ukuta wa mawe, kwenye gofu la nyumba ambayo watu walihama zamani wakaiacha bustani ijiotee yenyewe. Humo ukutani alipanga vijungu vyake vya nta, akaweka asali ya kuwavusha wanawe kiangazi, maana kiangazi cha bonde lile kilikuwa hakibakishi ua hata moja.

Nyegere akaukwaruza ukuta, kwaru kwaru kwaru. Ukuta ukakataa. Akaukwaruza tena, kwaru kwaru kwaru, ukucha ukapasuka. Akakaa chini kuulamba, na humo ndani akasikia vuuu, vuuu, wenzake wako kazini wanaimba. Roho ikamuuma.

Tena si njaa, msimwonee huruma. Asali ya wengine alikuwa nayo tumboni. Kilichomkaba ni kwamba kadudu kale, kasiko na mwiba, kasiko na meno, kanacho kitu ambacho yeye hana. Akilala anakiwaza. Akila, haoni utamu wa anachokula.

Asubuhi moja akaja ukutani na neno lake. Asali yote itolewe nje, la sivyo atang'oa kila ua la bustani ile, na kiangazi kikifika tuone kama hao watoto watakula mawe.

Bi Nyuki aliogopa. Aliogopa kweli, maana watoto ni watoto. Lakini huyu jirani, Bi Nyuki alikuwa amemsoma siku nyingi: Nyegere hapendi kitu mpaka amwone mwingine anakipenda. Akatoka ufani, akaruka moja kwa moja hadi kwenye boganvilia lililofunika lango lote kwa wekundu, akalikumbatia, akaanza kulia.

"Ng'oa yote, Mzee Nyegere. Ng'oa hata yale magugu ya kishona nguo huko nyuma. Lakini boganvilia langu na waridi langu niachie, nakuomba kwa ajili ya wanao."

"Kumbe ndiyo haya," Nyegere akasema.

"Ndiyo haya, mzee wangu. Bila haya mimi ni wa kufa."

Nyegere akaona kuyang'oa ni hasara. Akiyang'oa, huyu atalia leo, kesho anyamaze. Akiyachukua, atalia kila akiyaona. Basi akatangaza kuwa boganvilia ni lake na waridi ni lake, na nyuki atakayegusa hata jani atamezwa mzimamzima. Mengine yote hakuyatazama tena.

Ikawa hivi. Nyegere analinda boganvilia langoni, halafu anakimbia kulinda waridi lililoota kwenye kisima, ng'ambo ya gofu, halafu anarudi kwenye boganvilia. Bi Nyuki akitokea langoni, anapiga kwikwi, Nyegere anafurahi. Akitokea kisimani, anapiga kwikwi, Nyegere anafurahi zaidi. Na wanawe je? Wanawe wako nyuma ya gofu kwenye kishona nguo, vuuu, vuuu, wanajaza vijungu. Ninyi kishona nguo mnakikanyaga tu, kaua kadogo kenye njano katikati. Nyuki anajua kilichomo. Boganvilia wekundu wake ni majani matupu, na waridi lile lilijaa petali hata nyuki hana pa kuingilia.

Sasa, njia ya kutoka langoni hadi kisimani ilipita katikati ya hicho kishona nguo. Nyegere akienda, mbegu zinamganda. Akirudi, zinamganda. Mbegu nyeusi, zenye vimeno, zinajishona kwenye manyoya kuanzia mkiani hadi masikioni. Jioni anafika kwake amejaa mbegu, na mkewe, Mama Makucha, anaketi kumbandua moja moja huku akizitupa pale pale mlangoni.

"Baba Makucha, hivi hayo maua yako yana asali?"

"Hata kama hayana. Yeye hana, inatosha."

Mama Makucha akaendelea kubandua.

Kiangazi kikaja. Boganvilia likapukutika, waridi likakauka, kishona nguo kikabaki vijiti na mbegu. Nyegere, aliyekonda kwa kulinda, akaenda kutega sikio ukutani asikie kimya. Akasikia vuuu, vuuu. Watoto wazima, wanene, na harufu ya asali inamwingia puani mpaka kwenye ubongo. Akachungulia nyuma ya gofu, akaviona vile vijiti vya kishona nguo, akakumbuka nyuki waliokuwa wakivuma humo kila alipopita, ndipo akaelewa.

Akakiingilia kishona nguo kwa hasira. Akang'oa, pwa! Akang'oa, pwa! Akabeba mizigo kwa mizigo akaitupa mbali, akienda mbegu zinadondoka, akirudi mbegu zinamganda, na nyingine akazisambaza mwenyewe kwa kujigaragaza kila alipowashwa. Alipomaliza, nyuma ya gofu palikuwa peupe. Siku hiyo alilala usingizi mzuri.

Mvua za vuli zikanyesha. Wiki chache baadaye Nyegere akaamka, akafungua mlango, akasimama hapo hapo. Kishona nguo mlangoni. Kishona nguo njia nzima. Kishona nguo huku bondeni, kule kilimani, kila alipopita na kila alipojigaragaza, kimechanua, na juu yake vuuu, vuuu, hadi kizingitini.

Bi Nyuki akatua mbele yake kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mzee Nyegere. Nilikuwa na kishamba kidogo tu nyuma ya nyumba. Umenilimia bonde zima."

Bi Nyuki akamgeukia Mama Makucha, akamwekea kijungu kimoja cha asali, ahsante ya kupanda hapo mlangoni. Mama Makucha akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

Nyegere akamtazama mkewe anavyolamba. Roho ikamuuma upya.

Basi mmesikia, na funzo mlishike. Ukiona jirani yako kapata, mwonee wivu. Tena mwonee kwa bidii, asubuhi na jioni, usichoke. Ukichoka, nani atamlimia?

Hadithi yangu imefika mlangoni kwake, nami sina la kuongeza. Aliyegandwa na mbegu akajibandulie kwao, asije akanioteshea hapa.