Mbuzi wa Bi Mwanamvua

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kuzungumza na fisi bali hii ya juzi ambayo wengine bado wana picha zake, palikuwa na mji uitwao Kwamsala, na mjini humo palikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa magongo. Timu hiyo iliitwa Nyuki. Aliyeipa jina alikuwa na matumaini makubwa, kwani kwa misimu mitatu Nyuki hawakumuuma mtu.

Walifungwa juani, wakafungwa mvuani. Walifungwa ugenini, wakafungwa nyumbani. Mara moja walifungwa na timu iliyokuja na wachezaji tisa, wawili wengine wakiwa wamekwama njiani na gari bovu.

Mzee Mndolwa aliyaona yote. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa maneno machache na vipimo sahihi, na yeye ndiye aliyechora kwa chokaa lile duara la mbele ya goli kila Jumamosi. Mechi ikianza hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda chake nyuma ya mstari na kusema, kwa sauti ya mtu anayesoma ramani, "Kosa." Baada ya muda, "Kosa lingine." Hakuwahi kukaa kimya kwa muda mrefu.

Makosa yalianzia kwa Kocha Shembilu. Huyu alikuwa kocha wa netiboli, akahamishiwa kwenye magongo kwa kuwa ndiye pekee mjini aliyekuwa na filimbi. Mbinu yake ilikuwa moja: "Haraka haraka haina baraka! Rudisheni nyuma!" Basi mshambuliaji alimrudishia kiungo, kiungo akamrudishia beki, beki akamrudishia golikipa, na golikipa, aliyeuogopa mpira kama nyoka, akaupisha.

Kikosi nacho kilikuwa hivyohivyo. Winga wa kulia alicheza Jumamosi zisizo na harusi. Beki Mkunde alikuwa na mikono ya kupasua kuni, lakini alikatazwa kupiga mbele. Na mshambuliaji wa kati alikuwa Mama Kihiyo, mwenye miaka arobaini na sita, ambaye watu wazima walisema kwamba zamani alikuwa na kasi. Akiambiwa akimbie, alijibu, "Mimi sikimbii ovyo. Mpira ukinihitaji unajua nilipo."

Sasa sikilizeni habari ya mbuzi.

Mke wa Mzee Mndolwa, Bi Mwanamvua, alikuwa amechezea Nyuki enzi zile Nyuki walipouma. Msimu wa kwanza wa mikosi ulipoanza, alimleta uwanjani mtamba wa mbuzi mweupe, akasema mbele ya watu wote: "Huyu nimemwekea nadhiri. Siku Nyuki watakaposhinda, atakwenda akiwa hai kwa mtu mmoja, yule aliyeuleta ushindi. Msimchinje, msimgawane. Mtu mmoja."

Watu wakasema amina. Kitu cha nadhiri hakikai mbali na nadhiri yake, kwa hiyo mbuzi akawa analetwa kila mechi, kamba shingoni, na kila mechi akarudishwa nyumbani. Wapinzani wakamwita Bi Harusi. "Jamani, leo pia ameletwa, na leo pia harusi imevunjika!"

Bi Mwanamvua hakuiona siku ya ushindi. Msimu wa pili ukiwa katikati aliugua, na jioni moja alimuuliza mumewe, "Na yule mbuzi?"

"Nitamfikisha," akajibu Mzee Mndolwa.

Hilo ndilo alilomwahidi. Baada ya mazishi ikabaki nyumba ya vyumba vitatu, sufuria moja iliyotumika, na mbuzi aliyelia mlangoni kila alfajiri mpaka mtu aamke.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu wa tatu. Wapinzani wao, Chatu, walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa, basi wakaleta wachezaji wao wa akiba pamoja na dharau. Hata hivyo, kwa rehema ya Mungu, robo ya nne ilikuwa inakaribia kwisha na hakuna aliyefunga.

Hapo ndugu zangu lazima muijue sheria moja. Katika magongo, bao halihesabiwi mpaka mpira uguswe na gongo la mshambuliaji ndani ya duara. Ukipigwa kutoka nje ya duara ukaingia wenyewe, ni kazi bure. Golikipa mwenye akili huuacha upite zake.

Zimebaki dakika tatu. Mama Kihiyo yumo ndani ya duara la Chatu, hoi, pumzi zimemkatika. Kocha Shembilu akamwona. Akamwita binti wa akiba, binti akavua koti, akasimama mstarini tayari kuingia.

Ndipo Mzee Mndolwa, ambaye hakuwahi kupaza sauti misimu mitatu, akainuka kutoka kwenye kigoda.

"Shembilu! Mtoe Mama Kihiyo! Hata huyu mbuzi anamshinda mbio, naye ana mimba!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kocha akageuka, shingo imemvimba.

"Timu hii ina kocha mmoja," akasema. "Binti, vaa koti lako. Kaa."

Binti akakaa. Mama Kihiyo akabaki.

Mpira ukamfikia Mkunde katikati ya uwanja. "Nyuma!" akaita kocha. "Mkunde, nyuma!" Mkunde akatazama nyuma, akamwona golikipa wake anampungia mikono miwili: usiniletee. Akatazama mbele. Akaupiga mpira kwa hasira za misimu mitatu.

Golikipa wa Chatu aliuona unatoka mbali. Akajua sheria, akaweka mkono kiunoni, akasogea kando. "Karibu, pita!" akauambia.

Mama Kihiyo hakuuona kabisa. Alikuwa ameinama ndani ya duara, ameegemea gongo lake kwa mikono yote miwili, macho amefumba, anamwomba Mola pumzi. Mpira ukagonga gongo, tak, ukapinda kidogo, ukaingia golini.

"Nani kanigonga?" akauliza Mama Kihiyo.

Mwamuzi akapuliza filimbi na kuonyesha kati. Mzee Mndolwa akatazama chokaa aliyoichora asubuhi kwa mkono wake. Miguu ya Mama Kihiyo ilikuwa ndani ya mstari kwa hatua mbili nzima. Akasema, "Bao."

Dakika zilizobaki zikaisha kama miaka mitatu. Nyuki wakashinda. Watu wakalia, wakacheza, na walipochoka kucheza wakakumbuka mbuzi.

Mama Kihiyo akafika wa kwanza, kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kumwona nao uwanjani.

"Shemeji Mndolwa," akasema, "sheria inataka gongo ndani ya duara. Gongo ni langu na ndani ya duara nilikuwa mimi. Bila mimi mpira ule ungekuwa takataka. Je, mbuzi si wangu?"

"Ulikuwa umefumba macho!" akasema Mkunde.

"Sheria inataka gongo, mwanangu. Haikutaja macho."

"Ulikuwa unahema tu!"

"Nilikuwa nahema mahali panapotakiwa."

Mkunde akamgeukia mzee. "Baba, mimi nimeambiwa nyuma, nyuma, misimu mitatu. Leo nimekataa. Lile gongo lingesimama pale mpaka liote majani kama nisingepiga. Kati yetu wote, ni mimi peke yangu niliyekuwa nataka kwenda mbele. Je, mbuzi si wangu?"

Kocha Shembilu akakohoa. "Mzee wangu, tuheshimiane. Nani alimwacha Mama Kihiyo pale? Binti alikuwa amekwisha vua koti. Kumwacha mtu mahali ni uamuzi, na uamuzi ndio ukocha. Je, mbuzi si wangu?"

"Ulimwacha kwa hasira, Kocha!" akasema Mkunde.

"Hata kama. Hasira ilikuwa yangu."

"Na mimi ulinikataza kupiga!"

"Ndiyo maana ukapiga kwa nguvu."

Watu wakacheka, lakini Mama Kihiyo hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Ngojeni," akasema. "Kama ni hasira ya Kocha iliyoniacha pale, hasira hiyo aliileta nani?"

Wote wakamtazama Mzee Mndolwa.

"Ni kweli," wakasema watu wa nyuma. "Asingepiga kelele, Mama Kihiyo angekuwa benchi. Mzee, nadhiri imekuangukia wewe. Mrudishe mbuzi nyumbani kwako." Na waliyasema hayo kwa upole, maana walijua nyumba aliyokuwa anairudia.

Mzee Mndolwa akashtuka jinsi moyo wake ulivyokubali upesi. Akaona alfajiri ya kesho, mlio ule mlangoni, na watoto wa mbuzi uani. Akaukunja mkono ulioshika kamba.

"Mimi nilitaka atolewe," akasema taratibu. "Nilitaka kinyume kabisa cha kilicholeta bao. Mtu hawezi kulipwa kwa kukosea."

"Mbona mimi nalipwa kwa kuchoka?" akauliza Mama Kihiyo.

"Hujalipwa bado," akasema Kocha.

"Nami nalipwa kwa kutotii," akasema Mkunde. "Baba, marehemu alisema aliyeuleta ushindi. Hakusema aliyeutaka."

Mzee Mndolwa akaitazama ile kamba. Alikuwa ameyashika maneno ya mkewe yote, neno kwa neno, na ni kweli, hakusema.

Akajaribu kupima kama alivyozoea kupima shamba lenye ugomvi: jiwe hapa, jiwe pale, kisha kamba katikati. Lakini kila alikosimama mpaka ulihama. Akimwondoa Mkunde, hakuna mpira. Akimwondoa Mama Kihiyo, hakuna bao. Akimwondoa Kocha, hakuna Mama Kihiyo. Akijiondoa mwenyewe, hakuna hasira ya Kocha. Na mbuzi hagawanyiki, na nadhiri ya marehemu haiahirishwi, na watu wamesimama wanangoja wakaoge.

Basi nyinyi mliokaa mkasikiliza, msimwache mzee peke yake na kamba mkononi. Yuko Mama Kihiyo, aliyefunga bao bila kujua. Yuko Mkunde, aliyepiga mpira ambao peke yake usingehesabiwa. Yuko Kocha Shembilu, aliyefanya jambo sahihi kwa sababu mbaya. Na yuko Mzee Mndolwa, aliyekosea kwa sauti kubwa mara moja katika maisha yake, naye ndiye atakayemkosa mbuzi huyo kuliko wote.

Mtu mmoja, alisema Bi Mwanamvua. Je, nani alistahili kuondoka na mbuzi?