Matope ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mna njaa ya juzi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na mfereji mmoja. Ulitoka mtoni, ukapita kwenye mchanga, ukaingia lamboni. Mto ulikuwa wa wengi, kwa hiyo maji yalikwenda kwa zamu. Bondeni walipata siku moja tu kila wiki. Ukiikosa, umeikosa.

Sasa Ngiri alikuwa na tabia yake. Kila alasiri anaingia mferejini, anagaagaa, pwata! pwata!, anatoka na udongo hadi masikioni. Maji yakija yana rangi ya uji wa ulezi.

Mama Chura alikuwa ametaga lamboni. Akaja juu. "Huyu Ngiri anatuchafulia! Wanangu waoge matope mpaka lini?"

Nyani, mwenyekiti wa mfereji, akapiga mbiu. Ngiri akafukuzwa. Kisha wote wakaitwa kwenye kazi ya pamoja. Wakakwangua mfereji, kwaru, kwaru, kwaru, wakalitoa lile tope la mfinyanzi lililoshikana chini, mpaka mchanga ukaonekana. Nyani akapanga mawe meupe. Mama Chura akapiga vigelegele. Kwa mdomo wake mwenyewe, jamani!

Zamu ikafika. Maji yakaja, chorooo... yakafika katikati. Fyooo! Mchanga ukanywa yote. Lamboni halikufika hata tone.

Jua likawaka. Lambo likapungua, likapungua, likabaki dimbwi la upana wa ungo. Humo ndani viluwiluwi wa Mama Chura wakabanana, mikia tu, miguu bado. Na kiluwiluwi asiye na miguu atakimbilia wapi? Nijibuni!

Hana pa kukimbilia!

Basi. Mama Chura akaenda kwa Nyani. "Mwenyekiti, zamu ni kesho mchana. Tufanyeje?"

"Tuongeze mawe."

"Mawe yana mianya!"

"Basi tuombe mvua," Nyani akasema, akajikuna.

Mama Chura akaona huyu hana jipya, akakumbuka kuwa enzi za matope ya Ngiri maji yalifika. Akaruka, chwa, chwa, chwa, mpaka kwenye shimo la Ngiri.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, Chura."

"Umefuata nini kwa mchafu?"

"Kaka Ngiri, nimekosa. Wanangu wanakufa."

"Ulipiga vigelegele. Nilivisikia hadi huku."

"Nilipiga. Nilikuwa mjinga, kaka. Nisamehe."

Ngiri akatoa kichwa nje. Alikuwa na hasira bado, na uchungu. "Siendi kwa ajili yako," akasema. "Naenda kwa ajili ya wale wasio na miguu."

Wanyama wote wakaitana. Ngiri akawapeleka penye mfinyanzi, chini kwenye unyevu. "Chukueni unaonata. Ukiufinyanga ukapasuka, tupa. Utandazeni mferejini, mkanyage. Halafu funikeni kwa majani mabichi. Ukikauka utapasuka, na ukipasuka tumekwisha."

Wakakanyaga. Pundamilia pwata! Nyumbu pwata! Swala, aliyekuwa hataki kuchafua kwato, pwata! Usiku kucha, asubuhi nzima.

Na Nyani? "Mikono hii ni ya uongozi," akasema. Kipande chake kilikuwa hatua tatu tu, karibu na lambo. Akatupia vumbi kavu juu ya mawe yake, akatangaza, "Tayari!"

Mchana ukafika. Dimbwi limebaki la kujaza kata moja. Viluwiluwi wanapumua juujuu. Mama Chura haondoki ukingoni.

Wakaondoa majani. Maji yakafunguliwa. Chorooo! Yakapita kona ya kwanza. Yakapita ya pili. Mchanga haukunywa. Yakafika kwenye kipande cha Nyani... fyooo!

"Yanapotea!" Mama Chura akalia. "Wanangu! Wanangu jamani!"

Ngiri akakumbatia bonge la udongo, akajitupa humo humo, akagaagaa. Pwata! Pwata! Pwata! Maji yakamfika tumboni. Yakampanda mgongoni. Yakasita. Yakampita.

Yakaingia lamboni, mazito, rangi ya uji wa ulezi. Yakawafunika viluwiluwi. Mama Chura akakodoa macho, haoni kitu. Akasubiri. Akasubiri. Mara mkia mmoja ukachezacheza, na mwingine, na mwingine.

Nyani akainama juu ya lambo, akakunja pua. "Lakini maji haya ni machafu."

Mama Chura akamgeukia. "Funga mdomo, Mwenyekiti. Chukua udongo, nenda kamsaidie kaka yangu."

Na Nyani akaenda. Akakanyaga mpaka jua likazama, na tangu siku hiyo Ngiri hagaagai peke yake.

Mnasikia, wakubwa kwa wadogo? Usimfukuze mtu kwa matope yake kabla hujajua matope hayo yanashikilia nini.

Hadithi yangu imefika lamboni, imeishia hapo. Mwenye miguu safi ajiulize kwa nini.