Somo wa Mwanahawa

"Somo mwite, jina usimpe." Mmeisikia kwa akina mama kisimani, mkaja kuniuliza: babu, somo si ndiye mtu mnayeitwa jina moja? Kama jina analo tayari, utamnyimaje? Mmeuliza vizuri, wajukuu zangu. Methali hii hatukuachiwa na wahenga. Ilitoka mdomoni mwa marehemu bibi yenu, Mwasiti, na ilianza hivi.

Shangazi yenu Mwanahawa alikuwa darasa la tano. Jirani alikuwa anaoza binti, wageni wametoka mjini. Mmoja wao, mama wa makamo, alimsikia bibi yenu akimwita mtoto aje achukue ndoo. Akainuka mkekani, akasema jamani, huyu ni somo yangu, nami naitwa Mwanahawa. Mnajua kwetu somo ni nani. Somo si mgeni. Hula sahani moja na mwenye jina, na mlango humfungii.

Kesho yake akaja na doti ya kanga kwa ajili ya mtoto, akakaa jikoni na bibi yenu wakikuna nazi. Somo yangu kazaliwa lini? Kwa mkunga au hospitali? Cheti anacho? Baba yake nani, babu yake nani? Aliuliza kwa kicheko, kama ndugu aliyepotea miaka mingi. Bibi yenu akajibu yote. Mama gani asiyependa kuulizwa habari za mwanawe?

Cheti cha kuzaliwa mtoto hakuwa nacho. Alikuwa na kadi ya kliniki tu, tena yenye majina mawili, kama watoto wote wa hapa, maana ofisi ya vyeti iko wilayani na wakubwa hawajaona haja ya kuisogeza.

Alipofika darasa la saba, mwalimu akataka cheti ili amwandikishe mtihani. Nikaenda na mtoto wilayani. Kijana wa dirishani akabonyeza mashine yake, akaniangalia.

"Mzee, mtoto huyu cheti chake kilishatoka. Na mtihani ameshaandikishwa, shule ya mjini."

Nikamwambia mtoto ninaye hapa, amesimama, viatu miguuni. Akasema mfumo unasema vingine. Nikamuuliza huyo Mfumo ni nani, nizungumze naye. Watu wa foleni wakacheka. Yeye hakucheka.

Akanisomea. Tarehe yetu, kijiji chetu, baba Issa, mama Mwasiti. Kisha jina kamili la mtoto: Mwanahawa Issa Mvua. Nikasema baba yangu hakuitwa Mvua, aliitwa Mawingu. Akasema basi huenda sisi ndio tuliokosea. Yaani ofisi inalijua jina la baba yangu kuliko mimi niliyemzika.

Njia nzima nikawa nalitafuna neno lile, Mvua. Kwetu mke halitamki jina la baba mkwe. Bibi yenu, hata mbingu zikifunga, hakusema mawingu. Alisema mvua inajikusanya. Na mkwewe alimwita Mzee Mvua. Kijiji kizima, mdomo uliomwita hivyo ulikuwa mmoja tu. Nilipofika nyumbani nikamuuliza bibi yenu jina la babu wa mtoto alimtajia nani. Akauweka upawa chini. Kisha akasema, "Somo."

Kumbe yule mama alikuwa na binti aliyefeli darasa la saba, na umri unamtupa mkono. Alitaka kumwanzisha upya kwa jina la mtoto mdogo. Jina la kubuni huulizwa maswali, ila la mtoto aliyepo halina wa kuliuliza. Mtendaji wetu wa kijiji alipopelekewa karatasi alijua Issa kweli ana Mwanahawa, akapiga muhuri kama mtu anayepiga mbu. Hakuuliza kwa nini Issa hakuja mwenyewe. Na yeye mpaka leo hakuna aliyemuuliza.

Basi tukaanza kuzungushwa. Polisi, mahakamani kuapa, shuleni, wilayani tena, kila meza ikitutuma kwa nyingine. Mtihani unakaribia, na asiyeandikishwa hapewi dawati. Mwisho wakatuita wote, wazazi na watoto wa pande zote mbili, mbele ya mkuu wa ofisi ile. Akasema mama mzazi ataje jina kamili la mwanawe kwa mdomo wake, baba asimsemee.

"Mwanahawa Issa," akasema bibi yenu.

"La tatu?"

Akanitazama mimi. Nikafungua mdomo, mkuu akaninyooshea kidole. Akasema mama asiyejua jina la mwanawe atasadikiwa vipi. Hapo yule somo akadakia, taratibu, kama anamsaidia.

"Dada, si uliniambia mwenyewe ni Mvua?"

Bibi yenu akavuta kanga akajifunika uso. "Niwie radhi, baba," akasema chini chini. Kisha akainua kichwa. "Mawingu. Mwanahawa Issa Mawingu."

Miaka yote ya ndoa sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mkuu anatazama karatasi zake tu. Aliyekuwa akimtazama yeye ni yule binti wa somo.

"Mimi naitwa Havijawa," akasema binti. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama yake akainamia sakafu, na shauri likaishia hapo.

Nje ukumbini yule mama akatufuata. Akapiga magoti, akasema mama somo, nisamehe. Watu wakasogea, wakitaraji kofi. Bibi yenu akamwinua.

"Wewe ni somo wa mwanangu, nitakuita hivyo mpaka nife. Lakini jina lake sikupi. Na huyu binti yako ana jina lake. Mrudishie."

Waliokuwepo ndio walioondoka na neno hilo, wakalifupisha likawa methali.

Shangazi yenu alifanya mtihani. Havijawa hakufanya mwaka ule, akaadhibiwa mtoto kwa kosa la wakubwa. Mtendaji alihamishiwa kijiji kikubwa zaidi. Na bibi yenu, mpaka anafariki, hakulitamka tena jina la mkwewe.

Naona mnataka kuuliza kama yule mama kweli aliitwa Mwanahawa. Aliitwa. Ndiyo maana nawaambia, Mwanahawa wako wengi, na wote tutawapakulia chakula. Ila Mwanahawa binti Issa wa Mawingu, aliyezaliwa siku fulani mahali fulani, ni mmoja tu, na hayo si ya kumwagia kila anayekuja na kanga na kicheko. Somo mwite, jina usimpe.