Zimwi na Vishimo vya Genge

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa genge, na genge likawa na madirisha.

Hapo kale palikuwa na nyumba za mawe zilizojengwa tumboni mwa genge, juu sana, chini ya paji la mwamba. Wazee wa akina Wakesho walikaa humo, wakapika humo, wakazaliana humo. Mvua ilipokatika kwa miaka mingi walishuka, wakaenda kulima mbali. Lakini kila mtoto wa ukoo ule alirudishwa gengeni apewe jina kwenye mafiga ya kwanza. Asiyepewa jina pale aliitwa Mgeni mpaka kufa kwake.

Basi Wakesho alijifungua mtoto wa kike. Siku moja mumewe, Mwadime, akafunga punda kwenye mkokoteni. Wakapanda wote: Mwadime, Wakesho, kitoto kisicho na jina, na Mghoi, binti yao mkubwa.

Njiani wakakutana na wachunga mbuzi. "Rudini! Gengeni pana zimwi."

"Tunampeleka mtoto akapate jina," akasema Wakesho. "Haturudi."

Wakakutana na wafinyanzi. "Rudini! Zimwi lile hula mtu na viatu vyake."

"Tunampeleka mtoto akapate jina. Haturudi."

Wakakutana na kikongwe akiokota kuni. "Rudini, wanangu!"

Safari hii alijibu Mghoi. "Tunampeleka mtoto akapate jina, bibi. Haturudi."

Genge lilisimama wima kama ukuta. Hapakuwa na ngazi, ila vishimo vilivyochongwa na wazee, vya kutia vidole vya mikono na vya miguu.

"Anza na mguu wa kushoto," Wakesho akamwambia mumewe. "Walivichonga hivyo makusudi. Mgeni akianza na wa kulia, miguu humpishana katikati, asiweze kupanda tena."

Mwadime akacheka. "Wa kushoto ni wa chooni, Mama Mghoi! Kwetu mtu huingia nyumbani kwa wa kulia."

"Hapa si kwenu."

"Haya, nimesikia."

Wakesho akatangulia na chungu cha moto, Mghoi akafuata. Mwadime akaja nyuma, mtoto mgongoni. Waliotangulia hawakumtazama miguu. Akaanza na wa kulia.

Katikati ya genge akakwama. "Mghoi, mwanangu! Sina pa kukanyaga."

"Shuka, baba, uanze upya!"

Lakini chini kichaka kilitikisika, likatoka zimwi. Likampita punda bila kumtazama. "Wewe ni wa kesho," likamwambia. "Leo nataka nyama laini."

Mghoi alikuwa ameshafika juu. Akageuka, akashuka kishimo kwa kishimo, hadi akaukamata mkono wa baba yake. "Usiondoe hata kidole, baba."

"We kibinti," zimwi likaita, "njia hii hupandwaje?"

"Sisemi."

"Hupandwaje, mjukuu wangu?"

"Sisemi."

"Hupandwaje, nyama ya ulimi wangu?"

"Sisemi."

Zimwi likacheka. "Usiseme! Macho ninayo. Nilikuwa kichakani, nimeuona mguu alioanza nao baba yako."

Likainua mguu wa kulia. Mghoi akafunga mdomo.

Likapanda, likapanda, likapanda. Mwadime akaisikia pumzi yake ya moto kwenye visigino. Likanyoosha mkono, kucha zikagusa nyayo za kitoto. Kitoto kikalia.

"Mghoi, mikono yangu inakwisha!"

"Shika, baba. Nami nimekushika."

Zimwi likataka hatua moja tu zaidi. Likatafuta kishimo, kishimo kiko upande wa pili. Miguu ikapishana. Likalazimisha, likateleza, likaporomoka hadi miambani, likapasuka kama boga.

"Sasa shuka, baba," akasema Mghoi.

Mwadime akashuka mpaka chini kabisa. Akaweka mguu wa kushoto kwenye kishimo cha kwanza, akapanda mpaka juu.

Wakesho alikuwa amekwisha kuwasha moto kati ya mafiga, penye masizi ya wazee. Kwa desturi, aliyembeba mtoto ndiye hutaja jina. Mwadime akapiga magoti, akataja jina la nyanya wa mkewe.

"Mkamburi."

Moshi ukampanda mtoto puani, akapiga chafya. Wakacheka wote, na genge likacheka nao.

Hadithi yangu imekomea hapo mekoni. Nanyi, mkifika kwa watu, ulizeni kwanza wanavyoingia, ndipo muinue mguu.